Unataka kusoma digrii ya akiolojia? Soma hii kabla hujanunua mwiko

Nikisema tu nimesoma akiolojia, wa kwanza ataniuliza dinosaria, wa pili ataniuliza dhahabu, wa tatu ataniuliza kazi ipo. Hao wawili niwamalize fasta, wa tatu atasubiri huko chini. Dinosaria ni mambo ya watu wa paleontolojia, walitoweka miaka kama milioni 66 iliyopita, sisi tunahangaika na binadamu na jamaa zake wa zamani na vitu walivyoacha, na zana za mawe za zamani zaidi zinazojulikana mpaka sasa, zile za Lomekwi karibu na Ziwa Turkana, zina miaka kama milioni 3.3, kwa hiyo hapo katikati kuna pengo ambalo hakuna mwiko wa kuchimbia unaolifikia. Dhahabu nayo ukiipata si yako, na nchi nyingi sheria inasema hivyo kabisa.

Kitu ambacho nlitamani mtu aniambie kabla sijajaza fomu ya chuo ni hiki: kuchimba ni kuharibu. Ukishaondoa tabaka la udongo huwezi kulirudisha hata ulie, kinachobaki cha lile eneo ni ulichoandika, ulichochora, ulichopima na ulichopiga picha, basi. Ndo maana digrii hii ina kuokota kidogo sana na kuandika kwingi mno, na anayeifurahia ni yule anayeweza kukaa na kigae kimoja cha chungu nusu saa akikigeuzageuza, si yule anayeota hazina.

Mi somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka wa kwanza, siku ya tatu fildi, nikaona ushanga wa kioo, bluu, mdogo kama punje ya mtama, nikafurahi nikautia mfukoni nikasema ntamwonyesha supavaiza wakati wa mapumziko. Mapumziko yakafika nikautoa kwa madaha yote. Akaniuliza umetoka wapi. Nikanyoosha kidole kwenye shimo. Akasema shimo naliona, tabaka gani, kona gani, kina gani? Nikabaki namkodolea macho. Hakunigombeza, alichukua kimfuko akaandika tarehe na maneno mawili, "mahali hapajulikani", akanipa niupeleke mwenyewe kwenye boksi la vitu visivyo na kwao. Ushanga ule ungeweza kutuambia lile tabaka ni la lini na wale watu walikuwa wanafanya biashara na nani, ila kwa mkono wangu ukawa ushanga tu, wa kuvaa shingoni.

Kuchagua chuo

Usianze na jina la chuo, anza na orodha ya kozi na idadi ya wiki za fildi. Halafu angalia akiolojia yenyewe imekaa idara gani, maana hilo linabadilisha kabisa utakachosoma: Marekani mara nyingi iko ndani ya idara ya anthropolojia, kwa hiyo utasoma pia lugha, utamaduni na biolojia ya binadamu, Uingereza utakuta ina idara yake au imeunganishwa na historia, na kwingine imewekwa pamoja na urithi wa utamaduni au makumbusho. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine, ila kama unapenda mifupa na ukaenda pahala ambapo digrii nzima ni historia ya sanaa ya Wagiriki na Warumi utalia peke yako. Muda nao unatofautiana, kwa mfano England ni miaka 3, Scotland na Marekani ni 4.

Waandikie idara uwaulize mambo ya kuuliza kabisa bila haya. Fildi ya lazima ni wiki ngapi, nauli na malazi na chakula cha huko fildi analipa nani, maabara ina mkusanyiko wa mifupa ya wanyama ya kulinganishia au mtaonyeshwa picha, walimu wana mradi unaoendelea sasa hivi au wanaishi kwa kumbukumbu za mradi ulioisha. Na ukitaka ukweli mtupu, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho umuulize ameshachora seksheni mwenyewe mara ngapi, seksheni ni ule ukuta wa shimo unaoonyesha matabaka yalivyolaliana. Akisema mara mbili, au akikuuliza seksheni ndo nini, ushapata jibu lako.

Masomo ya sekondari usiumize kichwa sana. Jiografia inasaidia, historia inasaidia, kemia na biolojia zinasaidia kuliko watu wanavyodhani, na hesabu utazikuta tu, takwimu za kawaida, wastani na asilimia na grafu, kwa hiyo kama ulikuja huku kuzikimbia pole sana. Ukiwa na lugha ya ziada usiiache ife maana ripoti nyingi za uchimbaji hazijawahi kutafsiriwa.

Darasani

Mwaka wa kwanza utamwagiwa majina ya vipindi na tamaduni mpaka uchanganyikiwe, usikariri yote. Jifunze kusoma makala kinyumenyume, yaani kabla hujasoma hitimisho nenda kwenye pleni, yaani mchoro wa eneo likitazamwa kutoka juu, kwenye michoro ya seksheni na kwenye majedwali, jiulize wewe ungesema nini kwa ushahidi huu, halafu ndo usome mwandishi anasema nini. Mara ya tano utashangaa, utaanza kuona mahali ambapo mtu ana vigae kumi na mbili na ameshajenga dola nzima juu yake.

Hapo ndo nadharia inapoingia, na wengi wanaichukia bure. Chukua ule mgawanyo wa enzi za mawe, shaba nyeusi na chuma. Uliwekwa na Mdenmark Christian Jürgensen Thomsen alipokuwa anapanga vitu vya makumbusho Copenhagen, mwongozo wake ukachapishwa 1836, na kwa vitu vya kule unafanya kazi vizuri tu. Sasa ulete Afrika kusini ya Sahara ambako sehemu nyingi watu walitoka kwenye mawe wakaingia kwenye chuma bila hiyo enzi ya katikati, ukiulazimisha utaanza kuwaona watu "wameruka hatua" wakati hatua yenyewe ilitengenezwa kwenye kabati la makumbusho. Au kile kichwa cha Piltdown cha Uingereza, kilitangazwa 1912 kwamba ni babu wa binadamu, mpaka 1953 ndo ikathibitishwa ni fuvu la mtu limeunganishwa na taya la orangutani lililochongwa meno na kupakwa rangi, miaka 41! Wataalamu hawakuwa vipofu, walipewa kitu walichotaka kukiona. Nadharia kazi yake ni hiyo, kukuonyesha miwani uliyovaa bila kujua.

Kupima umri wa vitu ndo mahali pa kupoteza maksi kizembe. Kipimo cha kaboni-14 kilitolewa na Willard Libby na wenzake 1949, akapata Nobel ya kemia 1960, na kinafanya kazi kwa vitu vilivyowahi kuwa hai, mkaa, mfupa, mbegu, na mwisho wake ni kama miaka 50,000 hivi maana kila miaka 5,730 nusu ya ile kaboni inakuwa imeshaisha na huko mbele kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa hiyo ukiandika kwenye mtihani kwamba umelipima jiwe kwa kaboni-14 mwalimu anaweka kalamu chini anaenda kutembea. Nyayo za Laetoli, Tanzania, zinasemwa zina miaka kama milioni 3.66, hiyo haikutoka kwenye kaboni, ilitoka kwenye majivu ya volkano ambamo nyayo zilikanyagwa. Na mkaa nao una mtego wake, unakupa umri wa mti na si umri wa moto, kama waliunguza gogo la mti wa miaka mia tatu utakosea kwa karne nzima na zaidi, ndo maana watu wanapenda mbegu au kijiti chembamba. Halafu ukiona tarehe ya kipimo hicho imeandikwa miaka kadhaa "kabla ya sasa", hiyo sasa ni 1950, imegandishwa hapo kwa makubaliano, usihesabu kuanzia leo.

Fildi

Twende kwa mfano. Umepewa mraba wa mita mbili kwa mbili. Unapiga magoti, unavuta mwiko kuja kwako kwa ubavu wake, si kwa ncha, unakwangua nusu sentimita tu, vumbi unalizoa unamwaga kwenye ndoo, ndoo inaenda kwenye chekeche. Unarudi kinyumenyume ili usikanyage ulipokwisha kusafisha. Baada ya dakika arobaini hivi unaona duara jeusi kama ukubwa wa sahani kwenye udongo wa kahawia. Hapo moyo unaenda mbio, na hapo ndo wengi wanaharibu, wanaanza kuchokonoa katikati. Acha. Nyunyizia maji kidogo rangi ijitokeze, kwangua pembezoni mpaka uone ukingo wake umekaaje, piga picha ikiwa na skeli na mshale wa kaskazini, lichore kwenye pleni. Kisha funga uzi upite katikati ya duara, chimba upande mmoja tu mpaka chini, upande wa pili uache umesimama. Sasa umbo linaongea: kuta zikishuka wima na kitako kikawa bapa huenda palisimama nguzo ya nyumba, zikipindapinda na kukimbilia pembeni huenda ni shimo la panya au mzizi tu na wewe ulishaanza kuwapigia watu hadithi. Chora ile seksheni kwa skeli ya 1:10, jaza fomu, halafu ndo uondoe nusu iliyobaki.

Na hilo shimo la zamani kwenye rekodi lina namba mbili, si moja, hili wengi linawachukua muhula mzima kulielewa. Namba ya kwanza ni kile kitendo cha kuchimba shimo, namba ya pili ni udongo uliokuja kulijaza, na kati ya hivyo viwili inaweza kuwa imepita miaka hata mia. Ukikuta sarafu ndani ya udongo uliojaza, inakuambia udongo uliingia baada ya sarafu kutengenezwa, haikuambii shimo lilichimbwa lini. Ukishalishika hilo utaelewa ile chati ya viboksi na mistari ambayo mwanaakiolojia Edward Harris aliibuni 1973, kila tukio boksi lake, la baadaye juu na la zamani chini. Anza kuichora siku hiyo hiyo jioni maana ukisubiri mwisho wa fildi utakuta viboksi viwili vyote vinadai kuwa juu ya mwenzake na shimo lenyewe limeshafukiwa.

Kuhusu kueleza udongo, usiandike "udongo mweusi mzuri". Kuna kitabu cha rangi cha Munsell, kina vipande vidogo vya rangi vyenye namba, unalowesha bonge la udongo kidogo unalilinganisha mpaka upate kwa mfano 10YR 4/3, ambayo ni kahawia, na mtu aliye upande wa pili wa dunia akisoma namba hiyo anajua unachomaanisha. Miwani ya jua vua kwanza, nimemwona mtu amesoma rangi siku nzima akiwa nayo ikabidi arudie zote. Umbile la udongo unalijua kwa vidole, lowesha, finyanga, jaribu kuuviringisha uwe kama kamba nyembamba: ukimeguka na kukwaruza una mchanga mwingi, ukikubali kupindwa uwe pete bila kupasuka huo ni mfinyanzi.

Lebo andika mbili kila mfuko, moja ndani moja nje, na ya ndani iwe kwa penseli maana wino unakimbia ukipata unyevu. Daftari la fildi liwe na jalada gumu, kila jioni andika hata nusu ukurasa, ulichofanya, ulichodhani, na kwa nini ulidhani hivyo, hiyo ya mwisho ndo muhimu kwa sababu kesho utabadilisha mawazo na ukishabadilisha huwezi kukumbuka ulivyokuwa unafikiri. Viatu vya kufunika vidole, kofia, kitu cha kuwekea magoti, maji mengi. Shimo likiwa refu usiingie mpaka mwenye dhamana aseme kuta ziko salama, udongo ukikuangukia hausukumiki kwa mikono, na hapa usione haya kuonekana mwoga.

Mifupa ya binadamu ni habari nyingine. Ukiikuta unasimamisha kazi, unamwita mkubwa wako, hupigi selfie. Nchi nyingi zina sheria kali za kibali na za kurudisha, Marekani kwa mfano tangu 1990 kuna sheria inayozilazimu taasisi za serikali na makumbusho yanayopokea fedha za serikali kurudisha masalia ya watu wa asili kwa jamii zao, na hata pasipo na sheria bado huyo alikuwa mtu na pengine ana wajukuu kijiji cha pili.

Maabara, ambako siku nyingi zinaishia

Kwa wiki moja ya kuchimba jiandae na wiki kadhaa za meza. Vigae vinaoshwa kwa mswaki laini, lakini kabla hujaosha angalia ndani kama kuna masizi au ukoko umeganda, hicho usikiguse, watu wa kemia wanaweza kutoa mafuta ya chakula kilichopikwa humo miaka elfu iliyopita na we ungeishia kuyamwaga kwenye karai. Kipande cha mdomo wa chungu kithamini kuliko cha tumbo, unakisimamisha juu ya karatasi yenye mistari ya duara ndani ya duara, unatafuta mstari unaokaa sawa na mkunjo wake, tayari umejua upana wa mdomo mzima wa chungu kutoka kipande kisichojaa kiganja. Mi siku ya kwanza kufanya hivi nilirudia vigae ishirini bila kuambiwa.

Mifupa ya wanyama usihesabu vipande ukadhani umehesabu ng'ombe. Ukiwa na mifupa mitatu ya paja la kushoto basi kuna angalau wanyama watatu, hata kama vipande vyote jumla ni mia mbili. Udongo nao hautupwi, unaumimina kwenye maji, mbegu zilizoungua zinaelea unazichota kwa kitambaa chembamba. Jifunze pia ramani za kompyuta mapema, QGIS ni programu ya bure kabisa na inafanya karibu kila utakachohitaji, na kuunganisha picha za droni ziwe modeli ya eneo.

Disatesheni sasa, ile tasnifu ya mwaka wa mwisho. Kosa ninaloliona kila mara ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutaka kwenda kuchimba kwake, hana kibali hana hela hana muda. Stoo za makumbusho na za vyuo zimejaa maboksi yaliyochimbwa zamani na hayajawahi kuguswa tena, omba hayo. Kama unadhani kitu kilichoshatazamwa hakina jipya kumbuka yule mtu wa barafuni, Ötzi, alipatikana 1991 kwenye milima ya Alps, akapimwa na kila mtaalamu anayejulikana, na ni 2001 tu, miaka kumi baadaye, ndo picha ya eksirei ikaonyesha ncha ya mshale kwenye bega lake la kushoto. Swali lako liwe dogo, yaani ukimwambia supavaiza unataka kuchunguza "biashara ya zamani" atakurudisha, mwambie unataka kulinganisha unene wa kuta za vyungu kati ya tabaka la juu na la chini la eneo moja, atakuitikia.

Kazi ipo?

Ipo ila si ile ya kwenye filamu. Sehemu nyingi ajira kubwa ni uchimbaji wa kabla ya ujenzi, barabara inapita, bomba linapita, jengo linaanza, sheria inataka eneo likaguliwe kwanza na mwenye mradi ndo analipa, England mtindo huo ulishika kasi baada ya mwongozo wa serikali wa 1990. Kazi hizo ni za mikataba mifupi, unahamahama, mvua yako jua lako, na malipo ya kuanzia si ya kujivunia. Wengine wanaingia makumbusho, idara za mambo ya kale, ramani na upimaji, ualimu, na wengi tu niliosoma nao wako kwenye kazi zisizohusiana kabisa na udongo ila wanaandika ripoti kuliko mtu yeyote ofisini kwao. Ushauri wangu ni kwamba mpaka unamaliza uwe na kitu kimoja watu wanakujua nacho, vigae, au mifupa, au mbegu, au ramani, kwa sababu wa kuchimba wapo wengi ila wa kuitwa kwa jina wachache. Weka rekodi ya kila siku ya fildi uliyofanya, wapi, kazi gani, nani alikusimamia, maana waajiri wengi wanauliza una wiki ngapi.

Na mwiko kweli utaununua. Usichukue ule mpana wa kupigia plasta, tafuta wa inchi 4 wenye ncha, bapa na shingo viwe vimefuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, ule uliochomelewa shingoni unavunjika wiki ya kwanza kwenye udongo mgumu. Mpini uzungushie tepu ya rangi kali, nyekundu au njano, na jina lako, kwa sababu mwiko wa kwanza lazima uangukie kwenye ndoo uende na kifusi, na utakuwa unaufukua hapo saa kumi na moja jioni wenzako wote wakiwa wameshapanda gari.